Ombi la Kurudishiwa Mashimo ya Barabara Yetu

Kliniki ya Meno,
Ghorofa ya Kwanza, juu ya duka la mapazia,
Mtaa Uliotiwa Lami Bila Kuulizwa.
Jumatano, asubuhi.

Kwa Ndugu Mhandisi wa Barabara,
Baraza la Mji.

Ndugu Mhandisi,

YAH: KUONDOLEWA KWA MASHIMO YETU BILA TAARIFA

Natumai barua hii inakukuta salama, umekaa kwenye kiti kisichoyumba, na meno yako yote yako mahali pake. Mimi na familia yangu hatujambo kimwili. Moyoni ndiko kuna kasheshe, na kasheshe hiyo, Ndugu Mhandisi, umeileta wewe kwa greda.

Kwanza nijitambulishe, usije ukadhani unaandikiwa na mlevi. Mimi ni daktari wa meno. Mimi na wewe kazi yetu ni moja, kuziba mashimo, ila mteja wangu hupiga kelele wakati wa kazi na wako hupiga kelele kabla. Kwa hiyo ninayoyasema nayasema kama mtu wa fani. Sijawahi hata siku moja kumshauri mgonjwa arudishiwe tundu la jino lake. Hata hivyo leo nakuomba, kwa heshima zote, urudishe mashimo ya barabara inayotoka njiapanda ya kiwanda cha mikate hadi hospitali. Yote. Na lile kubwa la katikati, ambalo sisi wenyeji tulikuwa tukiliita Bwawa, nakuomba uanze nalo.

Najua utacheka. Cheka, ukimaliza endelea kusoma.

Nina gari. Ni gari kubwa la familia, la safu tatu za viti, la aina ile ambayo ukiliegesha mbele ya duka mwenye duka hutoka nje kuuliza kama umekuja kwa amani. Mvua zilipokaribia nililipeleka kwa fundi, nikamwambia anifungie matairi makubwa, makubwa hasa, na aliinue gari lenyewe liende na matairi hayo. Fundi akaingia uvunguni, akatoka, akanitazama, akaniuliza kama kuna mtu ninayemkimbia. Nikamwambia namkimbia Bwawa. Hapo akanielewa. Akatoa springi za zamani akaweka ndefu, akabadilisha shokomzoba zote, akapachika vipande vya chuma vya kuongezea kimo, akakata madigadi kidogo kwa sababu tairi jipya lilikuwa likisugua kila usukani ukikatwa hadi mwisho. Kisha akafunga matairi yenye meno ambayo mimi, kwa kazi yangu, niliyapenda papo hapo.

Nilipofika nyumbani, mke wangu, ambaye si mfupi, alifungua mlango wa gari akakutana uso kwa uso na sakafu yake. Akaufunga taratibu, akarudi ndani. Tairi la akiba nalo halikuingia tena pale nyuma lilipokuwa likifungwa, kwa hiyo limehamia sebuleni. Limefunikwa kitambaa cha kufuma na wageni huwekewa vikombe vyao juu yake. Wengi wanalisifia kwamba ni meza nzuri.

Baada ya maelezo hayo mafupi, naleta malalamiko yangu kwa mpangilio.

1. Mmenivunjia imani.

Mimi ni raia ninayeiamini mamlaka. Miaka yote niliyoishi mtaa huu Baraza liliahidi kuitengeneza barabara yetu, na miaka yote halikuitengeneza. Mtangulizi wako alikuja ukumbini na ramani ya rangi, akatuonyesha kwa fimbo lami itakapopita, tukapiga makofi, tukarudi nyumbani tukanunua mabuti. Huo ndio ulikuwa utaratibu, na ulifanya kazi vizuri. Mshona viatu alifungua kibanda karibu na Bwawa kwa kuutegemea. Hakuna aliyelalamika, au tuseme walilalamika wote, lakini kwa mazoea tu.

Sasa nisikilize vizuri. Mlipoweka bango pale njiapanda kwamba kazi itaanza mara tu mvua zitakapokwisha, mimi nilisimama mbele ya bango hilo nikalisoma hadi chini kabisa, mpaka kwenye namba ya simu ambayo haipokelewi. Ndipo nikaenda kwa fundi. Sikwenda kabla ya bango. Nilikwenda baada yake. Kwa akili zangu timamu nilijua kwamba Baraza likishaweka bango, mashimo yamehakikishiwa maisha marefu. Muulize mtu yeyote hapa mtaani, angefanya hesabu hiyo hiyo. Nikafunga matairi, mvua zikaja, mvua zikaisha, halafu nanyi mkaja kweli! Ndugu Mhandisi, ndivyo mtu anavyofanyiwa na serikali yake?

2. Mlifanya haraka mno.

Haya, tuseme mlilazimika kuja. Si mngekuja kistaarabu? Desturi ya kazi hizi inajulikana: mnaleta kifusi, mnakimwaga mbele ya milango ya watu, mnapotea. Mimi nilikitegemea kifusi hicho. Gari langu lingekipanda asubuhi na jioni mbele ya macho ya watu wote. Badala yake dereva wenu wa shindilia, lile gari la kukandamiza lami, alikuwa akifika kabla sijafungua kliniki, hapigi soga, hanywi chai, hata kichwa hakigeuzi. Wagonjwa wangu walishinda dirishani wakimtazama midomo wazi. Hilo lilinirahisishia kazi, nakiri, lakini si jambo la kawaida na limewatia watu hofu.

3. Gari langu halifai kwenye lami yenu.

Juu ya lami matairi yale yanaunguruma kiasi kwamba ndani ya gari tunaongea kwa mikono. Usukani umekuwa na mawazo yake. Nikikanyaga breki, gari linafikiri kwanza. Mafuta sisemi, nitalia. Taa zimepanda juu pamoja na gari, na jirani yangu wa nyumba ya mbele siku hizi ananisalimia akiwa amejikinga macho, hata saa sita mchana. Ameshazoea.

Mita ya mwendo nayo inanidanganya, maana tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali kuliko mita inavyojua. Mimi naona natembea polepole kama mtu mwenye wajukuu, askari wa barabarani anaona mengine. Nilimweleza jambo hilo kando ya barabara, nikamchorea duara la tairi la zamani na duara la tairi jipya kwenye vumbi la boneti. Alinisikiliza kwa adabu sana. Kisha akaniuliza kama humo garini kuna mtu mwingine, mwenye akili timamu, wa kulipeleka gari nyumbani.

Yote haya, Ndugu Mhandisi, barabara mbovu ilikuwa imeyasitiri. Ndani ya mashimo hakuna aliyeniuliza nakwenda wapi na mlima ule. Walikuwa wakiniuliza kama kuna nafasi.

4. Mmenishusha hadhi.

Sijui kama wewe umewahi kuhitajiwa na watu. Pengine hapana, mhandisi huhitajiwa na barabara. Mimi ni daktari wa meno, na watu wakiniona njiani hufunga midomo. Wakipita chini ya dirisha langu huongeza mwendo. Kuna jamaa tunasali pamoja ambaye amekuwa akinisalimia kwa kutikisa kichwa tu, miaka nenda miaka rudi, kwa sababu anajua kuna jino pale nyuma ambalo nikiliona nitasema kitu.

Mvua zilipokuja, wote hao walikuja kusimama kwenye ukingo wa Bwawa na kuniinulia mikono. Mwalimu mkuu nilimvusha na mitihani yake ameipakata kama mtoto mchanga. Mama wa kiwanda cha mikate nilimvusha na trei zake, gari likanukia mikate hadi jioni. Fundi cherehani nilimvusha na shela ya harusi aliyoinyoosha kwenye viti vyote vya nyuma, na yeye mwenyewe akachuchumaa mbele ili asiikunje. Bibi harusi aliolewa siku ile kwa sababu ya matairi yangu, na kwenye hotuba walinitaja. Yule jamaa wa jino alipanda, akacheka njia nzima, na jino nikaliona. Kweli limeoza.

Wakanipa jina, wakaniita Kivuko. Watoto walikuwa wakikimbia kando ya gari wakipiga kelele, Kivuko, Kivuko! Sitaki kuficha, nilipenda sana. Tangu mtie lami nimerudi kuwa Daktari, na watu wameanza tena kufunga midomo.

5. Mama mkwe.

Hili la tano ndilo lililonikalisha chini kuandika. Yale manne nilikuwa nasafisha koo.

Mama mkwe wangu anaishi peke yake kwenye barabara hiyo hiyo, upande wa pili wa Bwawa, nyumba ya kibaraza kirefu. Goti lake la kulia linamsumbua, na kila Alhamisi asubuhi anakwenda hospitali kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Tangu nimuoe binti yake, mama huyu aliniita Daktari. Si kwa ubaya. Aliniita hivyo kwa sauti ile ile mtu anayomwitia karani wa dirishani. Aliyeitwa mwanangu ni mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu. Mwanyumba ana kigari kidogo, cha chini, safi mpaka kinakera, na ndiye aliyekuwa akimpeleka Mama kila Alhamisi. Mimi nilikuwa nikimuona Mama kwenye sherehe na kwenye misiba, tunaulizana hali ya hewa.

Bwawa lilipojaa, Mama mwenyewe alimpigia mke wangu simu. Akasema barabara haipitiki, mwanyumba na kile kigari chake hawezi kufika, basi aulizwe Daktari kama hilo dude lake linavuka maji. Dude likaenda.

Sasa fikiria ile Alhamisi ya kwanza. Gari liko juu kama dari, Mama ana goti bovu, na mimi ni mkwe. Mambo ya ukwe unayajua. Mama mkwe hashikwi kiuno akapakiwa garini kama gunia. Nilikuwa nimebeba kigoda cha jikoni. Nikakiweka chini ya mlango, nikampa Mama mgongo, nikatazama angani, nikamwachia bega alishike kama anavyoshika ukuta. Nikakohoa kumuuliza kama yuko tayari. Akakohoa kunijibu kwamba yuko tayari. Akapanda, akaguna, akafika, akakohoa tena kuniarifu kwamba amefika. Alhamisi hiyo tulikwenda na kurudi kwa kukohoa.

Alhamisi iliyofuata, tulipokuwa tukipita kwa mwendo wa kinyonga, Mama akagundua kwamba kutoka kule juu anaona ndani ya kuta za watu. Akaona kamba ya nguo ya jirani yake, yule anayejigamba kwa pazia na makochi, na shuka zilizoanikwa pale zilikuwa matundu matupu. Mama akacheka. Mimi nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka, nikadhani ni breki, nikasimamisha gari. Tangu siku hiyo akahamia kiti cha mbele. Akawa ananionyesha nani anajenga choo bila kibali na nani amenunua tangi jipya la maji akalificha nyuma ya ndizi. Akaniambia habari za marehemu baba mkwe, kwamba alikuwa akiwaogopa madaktari wa meno kuliko simba, hata akajing'oa jino kwa uzi na kitasa cha mlango, kisha akawatangazia watu wote kwamba ameng'olewa na bingwa. Siri hiyo Mama aliitunza mpaka mzee akazikwa nayo, na aliyekuja kuambiwa ni mimi.

Nikaanza kufunga kliniki Alhamisi asubuhi. Tukifika hospitali nakaa naye kwenye benchi mpaka aitwe, namngoja mpaka atoke, tunarudi. Kisha siku moja, tuko katikati kabisa ya Bwawa, maji yanagonga ngazi za mlango, Mama akanigusa mkono akaniambia, taratibu, mwanangu.

Ndugu Mhandisi, mimi ni mtu mzima. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado nasoma, na neno hilo sikuwa nimelisikia tangu wakati ule. Nilishindwa kubadili gia. Tulikaa pale majini kwa kitambo, gari linanguruma, Mama akidhani limeharibika, na mimi nikamwacha adhani hivyo.

Ndicho mlichokiziba. Jumapili iliyopita tulikuwa wote mezani kwangu, mwanyumba akajifuta mdomo akatangaza kwamba lami imefika, sifa kwa Baraza, na kuanzia Alhamisi hii yeye ndiye atakayempeleka Mama, mimi nipumzike na wagonjwa wangu. Alisema kwa wema. Nikamtazama Mama. Mama akaendelea kumenya chungwa. Kimya hicho nilikielewa. Nikasema vizuri sana, nikaenda jikoni kufungua bomba la maji, nikalifunga, nikarudi.

Kesho ndiyo Alhamisi.

6. Maombi yangu.

(a) Naomba mashimo yote yarudishwe kwa greda ile ile na dereva yule yule wa shindilia, maana kasi anayo. Mahali yalipokuwa mnapajua. Mkisahau, mimi nina picha.

(b) Ikiwa yote hayawezekani, naomba Bwawa peke yake. Kwa kuwa mvua zimekwisha, gari la zimamoto lilijaze maji kila Jumatano jioni.

(c) Ikiwa Bwawa nalo ni zito, naomba shimo moja dogo tu, la siri, mbele ya lango jeupe la mwanyumba wangu. Kina chake kisizidi shubiri. Nilikipima kigari chake kwa chini wakati yeye anakunywa chai, na shubiri inatosha kabisa.

(d) Ikiwa Baraza halina mafundi wa kuchimba, najitolea mwenyewe. Mkono wangu ni mwepesi, na kuchimba tundu safi lenye kuta zilizonyooka ndiyo kazi yangu ya kila siku. Huwa nachimba kwanza ndipo naziba. Hapa nitaishia nusu ya kwanza. Ganzi sitahitaji.

(e) Siku ya uzinduzi ukate utepe wewe. Mwalimu mkuu ataleta wanafunzi waimbe, na nitawavusha bure.

(f) Shimo hilo lisajiliwe kama mali ya umma na liwekewe mlinzi, ili mhandisi mwingine mwenye bidii asije akatokea siku za mbele akatufanyia tena kitendo kama hiki.

Kwa kuwa kesho iko karibu, nitashukuru kazi ikifanyika leo.

Sina chuki nawe binafsi. Naamini ulifundishwa vibaya tu, ukadhani kila shimo ni adui wa watu. Nisalimie ofisi nzima: karani wa masjala, bibi wa mapokezi, dereva wa shindilia (mwambie ale kitu asubuhi), wachemsha lami wote, na mtangulizi wako popote alipo, ambaye sikujua thamani yake mpaka alipoondoka. Wagonjwa wangu wanakusalimu, wale wanaoweza kuongea.

Ni mimi, mwenzako katika kuziba na kuzibua,

Daktari wa Meno,
zamani Kivuko.

Nakala:
Mwenyekiti wa Mtaa.
Fundi wangu wa gari, ajiandae.
Mke wangu, kwa taarifa tu, asichukue hatua.

NYONGEZA. Tafadhali isome hii kabla ya kumtuma mtu na sururu.

Naandika haya Alhamisi mchana. Barua hii nililala nayo, na leo asubuhi nilikuwa naileta ofisini kwako kwa mkono. Njia ya kuja kwako haipiti kwa Mama mkwe, lakini nilipita.

Nilikuta kigari cha mwanyumba langoni, injini inawaka. Mwanyumba amesimama nje, shingo imemvimba. Mama amekaa kwenye kiti chake kibarazani, mkoba mapajani, hana dalili ya kuinuka. Mwanyumba kuniona tu akanijia kama mtu aliyemwona hakimu. Akaniambia, unaona sasa, ni yale yale ya wakati wa mvua! Nikamuuliza ya mvua gani. Akasema mvua zote. Kumbe kila Alhamisi ya mvua alikuja. Alikuwa akizunguka kwa njia ya nyuma ya kiwanda cha mbao, iko juu mwinukoni, haijai maji hata kidogo, na kigari chake kilikuwa kikifika hapo langoni kikavu kabisa. Na kila Alhamisi Mama alimrudisha, akimwambia Daktari yuko njiani. Njia hiyo mimi sikuwahi kuijua, kwa sababu nilikuwa na matairi.

Nikamtazama Mama. Mama akatazama bawaba za lango.

Halafu akasema. Alisema mwanyumba ni mtoto mwema na gari lake ni safi, lakini anaongea na simu kutoka lango la nyumbani hadi lango la hospitali, anamshusha pale na kuja kumchukua baadaye kama nguo za kwa dobi, na yeye amechoka kusafiri na kisogo. Jumapili alinyamaza kwa sababu hakutaka kumwaibisha mtu mezani, akajua atalimaliza mwenyewe hapo hapo kibarazani. Mwanyumba akapunguza sauti ya simu iliyokuwa ikiongea mfukoni.

Kisha Mama akanigeukia mimi, na sikupona. Akasema gari langu ni balaa. Goti lake haliponi kwa sababu kila wiki anapanda ukuta kwenda kwa mtu wa kumtibu goti. Yule mtaalamu amefika mahali pa kumuuliza ni kazi gani anayoifanya nyumbani inayoharibu matibabu yake, na yeye, mwanamke wa umri ule, ikabidi aseme uongo kwamba ni ngazi. Nyumba yake haina ngazi. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema nilikuwa nimefurahi sana na yale matairi, akaogopa kwamba akiyasema vibaya nitasusa na sitakuja tena. Lete gari lolote, akasema, hata mkokoteni nitaukalia, ila uje wewe, mwanangu.

Nililia, Ndugu Mhandisi. Nililia mbele ya mkwe na mbele ya mwanyumba, na hakuna aliyekohoa.

Tulikwenda kwa kigari cha mwanyumba. Mimi niliendesha, Mama alikaa mbele kwa kuingia tu, bila kuguna, na mwanyumba alikaa nyuma na simu yake. Lami yenu ni nzuri sana. Sikuwa nimeigundua. Kwenye benchi Mama alinieleza mwisho wa ile habari ya choo kisicho na kibali, na sitakuandikia, kwa sababu wewe ni mtu wa Baraza.

Kutoka hapo gari langu nimelipeleka kwa fundi, linashushwa sasa hivi, springi za zamani alikuwa bado amezihifadhi. Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi tano nayafuta, na maombi yote kuanzia (a) hadi (f) nayafuta pia, hasa (c), na tafadhali mwanyumba asiione.

Limebaki jambo moja. Mbele ya lango la hospitali kuna shimo mmelisahau. Ni dogo, na kutoka kule juu nilikokuwa nimekaa nisingeliona maisha yangu yote. Leo tumeliingia, na Mama akashika goti. Hiyo ni kazi gani, Ndugu Mhandisi? Naomba lizibwe kabla ya Alhamisi ijayo, la sivyo nitakuandikia barua.